Kutoka Safu ya Gazeti hadi Kioo cha Simu: Mwongozo Kamili wa Kutangaza Nyumba au Kiwanja Mtandaoni Dar es Salaam

Ukipita Kimara, Goba au Kigamboni utayakuta maandishi ya rangi nyekundu ukutani: NYUMBA HII HAIUZWI. OGOPA MATAPELI. Pengine chini yake kuna namba ya simu. Mwenye nyumba amemlipa fundi rangi ili kusema jambo moja tu: kuna mtu anainadi nyumba yangu bila mimi kujua. Zamani mtu huyo alilazimika kufika na mteja mpaka getini. Leo anahitaji picha nne na bando.

Naanzia ukutani kwa sababu ndipo mnunuzi wako anapoanzia. Kabla hajasoma neno lolote la tangazo lako, tayari anakushuku. Enzi za gazeti shaka hiyo ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo kidogo. Tangazo dogo ulilipia kwa maneno au kwa sentimita za safu, ukaenda dirishani, ukaandikiwa risiti. Gharama ile ilikuwa chujio: tapeli wa kubahatisha aliona hasara kuilipia kila wiki. Mtandaoni nafasi ni ya bure, unaweza kuandika ukurasa mzima na kuweka picha ishirini. Kinachokosekana ni kuaminiwa, na karibu kila hatua katika mwongozo huu ni namna ya kukitafuta hicho.

Neno moja kuhusu historia, maana inaeleza tabia tutakazokutana nazo. Marekani, Craigslist, ya matangazo madogo mtandaoni, ilianza San Francisco mwaka 1995, Zillow, tovuti ya nyumba, ikafuata 2006, na magazeti yakaona fedha za matangazo madogo zikiondoka. Uingereza walipata tovuti yao ya nyumba, Rightmove, mwaka 2000. Kule soko lilitoka gazetini likaingia kwenye kompyuta. Kwetu halikupita njia hiyo. Gazetini zilitangazwa nyumba za Masaki na Oysterbay, miradi ya Shirika la Nyumba la Taifa, na minada ya benki. Chumba cha Manzese hakikuwahi kuingia gazetini. Kilitangazwa kijiweni, kwenye benchi la madalali chini ya mwembe. Mkongo wa intaneti wa SEACOM ulipofika mwaka 2009 na simu janja zikashuka bei, waliohama ni watu wa benchi. Wakahama na desturi zao: hela ya kuoneshwa nyumba, picha za kuazima, na bei inayobadilika kwa kutazama viatu vya mteja.

Hatua ya 1: Jua unachokitangaza, na una haki gani juu yake

Hii ndiyo hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoua biashara mwishoni, wakati mteja amekwisha kuja mara tatu.

Chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Unachokiuza ni haki ya kuitumia kwa muda, na muda huo hauzidi miaka 99. Basi tazama hati yako: ni ya miaka 33, 66 au 99? Imebaki mingapi? Mnunuzi mjanja atauliza, na ukibabaika umekwisha.

Halafu acha mazoea ya kuandika "kina hati" kwa kila karatasi uliyonayo. Kiwanja kilichopimwa ni kimoja, na kiwanja chenye hati ni kingine. Kupimwa maana yake mpimaji amepita, bikoni, yaani alama za mipaka, zimepandwa, kuna namba ya kiwanja na ya kitalu. Hati miliki huja baadaye, na wapo watu wamekaa miaka kumi kati ya mambo hayo mawili. Ukiwa na barua ya toleo, ile unayopewa kiwanja kabla ya hati, sema barua ya toleo. Ukiwa na leseni ya makazi, ile ya maeneo yasiyopangwa, sema hivyo. Ni ya muda mfupi na hailingani na hati. Ukiwa na karatasi ya mauziano iliyogongwa muhuri wa serikali ya mtaa, sema hiyo. Kuna wanunuzi wa kila aina ya karatasi, kwa bei yake. Asiyekuwepo ni mnunuzi anayependa kuligundua hilo mbele ya wakili.

Kama nyumba ni ya familia, Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mwenza wako aridhie kabla ya kuiuza. Kama ni ya urithi, anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa. Nimewahi kuona tangazo zuri la nyumba ya Magomeni, picha safi, bei nzuri, na maoni ya kwanza kabisa chini yake yameandikwa na shangazi mtu: "Nyumba ya marehemu kaka yangu haiuzwi." Gazetini shangazi asingepata pa kuandika.

Ukishajiridhisha, nenda ofisi ya ardhi ufanye upekuzi rasmi wa hati yako mwenyewe, ulipie, uchukue jibu. Wengi huona ajabu kuipekua nyumba yao. Lakini kuna wanaokuta humo rehani ya mkopo waliokwisha kuulipa, ambayo benki haijaiondoa kwenye daftari. Afadhali uikute wewe.

Na hati yenyewe usiipige picha na kuirusha mtandaoni. Ina jina lako, namba, mipaka na mihuri, kila anachohitaji mghushi. Andika tu: "Hati ipo, itaoneshwa kwa wakili."

Hatua ya 2: Pima kwa futi kamba, si kwa miguu

Viwanja vya pembezoni mwa mji vinauzwa kwa hatua: "ishirini kwa ishirini." Swali ni hatua za nani. Dalali mwenye miguu mirefu akinunua na mwenye miguu mifupi akiuza, ardhi inaongezeka njiani. Chukua mfano: hatua ya sentimita 75, ukizipiga 20, unapata mita 15. Kiwanja cha hatua 20 kwa 20 ni mita za mraba 225. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 ni mita za mraba 400. Tangazo linaloandika "20 x 20" na kunyamaza limeficha karibu nusu ya kiwanja.

Andika kwa mita, zidisha, weka jumla. Kama kimepimwa, chukua ukubwa ulio kwenye ramani ya upimaji, usijipimie upya.

Hatua ya 3: Picha

Hapa ndipo mtandao umelishinda gazeti bila ubishi. Picha ya gazeti ilikuwa nyeusi na nyeupe, ndogo kama stempu, na nyumba zote zilifanana. Sasa unayo nafasi, itumie vizuri.

Fagia kwanza. Toa ndoo, anua nguo kambani, hamisha pikipiki. Kama kuna mpangaji ndani, mwombe ruhusa siku mbili kabla, na usipige picha watoto wake, kitanda chake wala picha za harusi ukutani. Hayo ni maisha yake, si sifa za nyumba yako, na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 si suala la adabu peke yake.

Saa ya kupiga inategemea mlango umeelekea wapi. Nyumba inayotazama mashariki ipige saa mbili au saa tatu asubuhi. Inayotazama magharibi, saa kumi jioni. Saa sita mchana jua la Dar liko utosini, kibaraza kinakuwa shimo jeusi na bati linameremeta mpaka linaumiza macho. Ndani, washa taa zote, fungua mapazia, simama kwenye kona ya chumba, shika simu usawa wa kifua. Usitumie lenzi ya kupanua mpaka chumba cha futi kumi kionekane ukumbi. Mteja atafika na mita za macho yake.

Mpangilio ninaoutumia ni huu: mbele ya nyumba, sebule, jiko, chumba masta, vyumba vingine, choo, uani, tangi la maji, mita ya umeme ya LUKU (funika namba yake), geti, kisha barabara. Choo kipige hata kama si kizuri. Tangazo lisilo na picha ya choo, mama wa nyumba anajua sababu.

Na barabara, tafadhali. Hii ndiyo picha isiyowekwa na mtu, nami ningeiweka ya pili. Mtu wa Dar akitazama nyumba anajiuliza kimoyomoyo: masika nitafikaje? Mvua za Machi hadi Mei zinageuza njia za Goba na Mbezi kuwa makorongo, na baada ya mafuriko ya Desemba 2011 yaliyowahamisha watu wa mabondeni kwenda Mabwepande, hakuna anayechukulia bonde kwa mzaha. Ukiwa na video fupi ya njia yako siku ya mvua, maji yakipita mtaroni bila kuingia ndani, una hoja kuliko maneno mia. Kama njia haipitiki, sema gari linaishia wapi. Atakayekuja baada ya kujua hilo ni mteja kweli.

Mwisho, andika namba yako ya simu juu ya kila picha, katikati, kwa herufi zinazopitisha mwanga, si pembeni. Pembeni inakatwa. Picha isiyo na alama itakutwa kesho kwenye ukurasa wa dalali mwingine kwa bei nyingine, na keshokutwa kwa mtu ambaye hajawahi kufika wilaya yako. Picha ya asili isiyo na alama ihifadhi kwako. Ndiyo ushahidi kwamba mpigaji ni wewe.

Hatua ya 4: Maneno

Tangazo la gazeti lilikuwa hivi: "Nyumba Tabata, vyumba 3, 1 masta, umeme, maji, fensi. Piga simu." Ufupi huo uliletwa na bei ya maneno. Ajabu ni kwamba watu wamehamia mahali ambapo maneno ni bure na bado wanaandika vilevile, wameongeza tu vikaragosi vya moto na mshangao kumi. Andika hivi:

"NYUMBA NZIMA INAPANGISHWA, TABATA SEGEREA. Kodi 350,000 kwa mwezi, malipo ya miezi 6. Vyumba 3, kimoja masta, sebule, jiko, choo cha familia. LUKU yake peke yake. Maji ya DAWASA yanatoka siku tatu kwa wiki, kuna tangi la lita 2,000. Uzio na geti, gari mbili zinaingia. Kutoka kituo cha daladala ni mita 600, boda 1,000. Mwenye nyumba haishi hapa. Kuanzia tarehe 1 mwezi ujao. Kuona: Jumamosi na Jumapili, saa 3 hadi saa 10."

Tazama yaliyomo. Maji yanatoka siku ngapi, kwa sababu "maji yapo" ni neno ambalo kila mtu mjini ameshalia nalo. Umbali kwa mita na nauli ya boda, kwa sababu "dakika tano kutoka lami" hazisemi ni za miguu au za gari. LUKU ya peke yake au ya kuchangia, jambo linalogombanisha wapangaji kuliko muziki. Na kama mwenye nyumba anaishi humo humo au la. Wapo wanaolitafuta hilo kabla ya kutafuta dirisha.

Bei iandike. "Bei njoo inbox" inadhaniwa kuvuta watu, lakini inavuta wadadisi, na inamfukuza mwenye fedha aliyechoka. Na iandike kwa shilingi. Miaka mingi matangazo ya Masaki na Mikocheni yalizoea dola. Kanuni za matumizi ya fedha za kigeni zilizotoka Machi 2025 zimezuia kutaja bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za nje.

Usidanganye mahali. Kuita Bunju "Mbezi Beach" kunakupa simu arobaini na wateja sifuri.

Hatua ya 5: Uweke wapi

Inategemea unauza nini. Chumba, fremu ya duka au nyumba ya kupanga: anza na statasi ya WhatsApp na magrupu ya mtaa, kanisa, msikiti, wazazi wa shule. Mpangaji mzuri mara nyingi ni rafiki wa jirani. Kisha Facebook Marketplace, iliyoanza 2016 na ina watu wengi wa kawaida. Jiji, soko la mtandaoni lililochukua biashara ya mwenzake OLX Tanzania, Kenya, Uganda, Nigeria na Ghana mwaka 2019, inafaa kwa sababu mtu anayeifungua ameshadhamiria kutafuta. Instagram na TikTok ni za nyumba inayopendeza. Kiwanja chenye nyasi na bikoni hakina sura, hicho kipe video ya kutembea kutoka barabara kuu mpaka mpakani bila kukata.

Popote utakapoweka, bei iwe moja. Wateja wanalinganisha.

Ubao wa getini usiudharau. Anayepita hapo ameshaupenda mtaa. Na gazeti halijafa kwa mambo ya ardhi: hati ikipotea, tangazo lake hutolewa gazetini, benki inapouza nyumba ya mdaiwa kwa mnada, gazetini, wito wa wenye pingamizi kwenye mirathi, gazetini. Ni mambo yanayohitaji ushahidi kwamba umma uliarifiwa tarehe fulani, na bandiko linaloweza kuhaririwa saa nane usiku haliwezi kazi hiyo. Mnunuzi makini bado hufunua kurasa hizo. Nami nafanya hivyo kila wiki, zaidi kwa udaku kuliko kwa biashara, nakiri.

Hatua ya 6: Pokea simu

Chukua laini ya pembeni kwa ajili ya tangazo, iliyosajiliwa kwa jina lako. WhatsApp Business, iliyotoka 2018, itakuwezesha kuweka jibu la haraka lenye maelezo yote, maana swali la kwanza litakuwa "bado ipo?" na la pili "bei gani?" hata kama bei imeandikwa kwa herufi kubwa. Usichukie. Kuuliza bei iliyoandikwa ni salamu ya sokoni.

Simu yenyewe huwa hivi:

"Shikamoo mama. Naulizia ile nyumba ya Segerea."

"Marahaba mwanangu. Ipo. Mko wangapi, na mnataka kuhamia lini?"

Maswali hayo mawili yanatosha kumjua. Anayetafuta nyumba ana tarehe. Anayezunguka hana. Dalali aliyejifanya mteja atauliza "mwenye nyumba ni nani?" kabla ya kuuliza vyumba.

Hatua ya 7: Ukimtumia dalali

Sipingi madalali, wengi wananijua na wengine wamenilisha. Lakini elewaneni mapema, hata kwa ujumbe wa WhatsApp: udalali ni kodi ya mwezi mmoja, analipa nani, na je, anachukua hela ya kuoneshwa? Hiyo ya mwisho ndiyo inayochafua jina la nyumba. Mteja anayetozwa elfu kumi au kumi na tano kuoneshwa chumba kilichokwisha kupangishwa wiki iliyopita hatamlaumu dalali peke yake. Atasema mitaani kwamba nyumba ile ni ya matapeli. Andika kwenye tangazo lako: "Kuona nyumba ni bure." Sentensi hiyo imeniletea simu kuliko picha ya jiko.

Dalali akitaka kutangaza, mpe picha zenye alama yako na bei yako. Akitaka kuongeza cha juu, aseme.

Hatua ya 8: Fedha zisitangulie miguu

Usiombe wala usipokee malipo ya "kushikilia nyumba" kwa mtu ambaye hajaiona. Kila Mtanzania ameshapata ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", hivyo anayetaka kutumiwa fedha kabla ya kuonana anafanana na wale hata akiwa malaika. Kwa kupanga, mkataba kwanza, fedha kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye mkataba. Kwa kuuza, wakili, jibu la upekuzi jipya, na benki.

Mteja aliye mbali ana mahitaji yake. Mtu aliye Muscat au London anayemnunulia mama yake kiwanja Bagamoyo ameshasikia visa vya kutosha. Mpigie simu ya video ukiwa kiwanjani, tembea bikoni moja hadi nyingine, muoneshe jirani wa kulia na wa kushoto, mpeleke mpaka ofisi ya serikali ya mtaa asikie sauti ya mwenyekiti. Mtumie pini ya ramani ili amtume ndugu yake siku nyingine bila wewe kuwepo. Muuzaji anayekataa hilo la mwisho, mimi nisingenunua kwake hata tofali.

Hatua ya 9: Liondoe

Gazeti lilijifuta lenyewe: kesho yake lilikuwa limefungia maandazi. Tangazo la mtandaoni halina kesho yake. Nyumba ikishapata mtu, andika IMEPANGISHWA au IMEUZWA juu ya picha ya kwanza, acha wiki moja ili watu waone kwamba ilikuwa ya kweli, halafu futa kila mahali ulipoweka. Waandikie na madalali, mmoja mmoja, wafute zao. Mimi mwaka 2017 niliisahau nyumba moja ya Sinza kwenye grupu moja tu. Ina mpangaji wa tatu sasa, na Jumapili iliyopita kijana mmoja amenipigia akiwa amesimama getini kwake.